Uchovu wa kisha Corona hauko uvivu

Ndugu walimaji, Corona iliingia katika inchi yetu mwezi wa 3, mwaka 2020. Leo wengi wameisahau. Lakini katika koperative zetu kuna memba wenye walipona, homa ikaisha, na bado nguvu ya zamani haijarudi. Mwenye alikuwa anabeba mufuko wa maharagi mpaka ku depo, sasa anapanda kilima kidogo tu, pumzi inakatika. Mwingine halale vizuri, ao anasahau hesabu zenye alijua jana.

Mwaka 2021, OMS ilieleza ugonjwa huu: miezi 3 kisha kushikwa na Corona, mutu angali na alama zenye zinadumu miezi 2 ao zaidi, na hakuna ugonjwa mwingine wenye unazileta.

Kuna jambo moja lenye linaleta ugomvi. Siku yenye anajisikia muzuri, mugonjwa analima sawa na wengine. Kesho yake, ao kisha siku 2, anaanguka ku kitanda. Watu wanasema: «Juzi alilima, leo anajifanya.» Hapana. Ile kazi ya juzi ndiyo imemuangusha.

Basi tufanye nini?

Kwanza, aende ku kituo cha afya. Malaria, upungufu wa damu na ugonjwa wa sukari vinachokesha pia. Kikohozi cha majuma 2 ao zaidi, jasho la usiku na kukonda, vinaomba apimwe kifua kikuu. Kama kifua kinamuuma sana ao anakosa pumzi hata akiwa amekaa, aende siku ileile. Antibiotiki haiondoe uchovu wa Corona. Musiuze mbuzi juu ya kuinunua.

Pili, agawanye kazi vipande vipande. Alime kidogo asubui, apumzike mbele ya kuchoka. Nguvu ikirudi, aongeze pole pole. Ikipunguka, arudi nyuma.

Tatu, komite isimukate ku mavuno sababu hakufika ku salongo. Kuchagua mbegu, kupima mizigo na kuandika mu rejista ni kazi pia, na koperative inazihitaji.

Ku mukutano wenye unakuja, mbele musimu uanze, muulize nani angali zaifu. Mupatane kazi yake na sehemu yake, kisha muandike.