Hana Alibaki Nyumbani

Leo twataka kuzungumza na wazazi wenye mtoto mchanga, hasa wale waliomngoja miaka mingi, na hatimaye wakampata kwa msaada wa madaktari.

Hata hapa Butere mambo haya si mageni tena. Hebu tumfikirie mama mmoja. Amepanda basi la usiku kwenda Nairobi mara nyingi, amechomwa sindano, amerudi na matumaini, kisha ameona damu na kuanza upya. Ng'ombe ameuzwa, na shamba la miwa limekodishwa. Majirani walipouliza, waliambiwa kwamba wenye nyumba wamekwenda kutazama jamaa. Ndipo siku moja mtoto akalia ndani ya nyumba ile. Kukhu akapiga vigelegele, na akina mama wa kanisa wakaja na unga, kuku na sabuni.

Lakini ikifika wiki ya tatu, mama huyo ameketi kitandani saa 8 za usiku. Ameweka mkono juu ya kifua cha mtoto, anahesabu pumzi. Amechoka, tena anaogopa. Na neno linalomchoma kuliko yote ni hili ambalo watu husema kwa mzaha: "Si ni wewe uliyeomba?" Basi hunyamaza. Hudhani kwamba akikiri uchovu wake, Mungu atamwona hana shukrani, na pengine atamnyang'anya alichompa.

Wapendwa, tufungue kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya kwanza. Sote twamjua Hana, jinsi Penina alivyomchokoza, na jinsi kuhani Eli alivyomdhania kuwa mlevi alipokuwa akiomba. Lakini tunapoisimulia habari hii, wengi wetu huruka kutoka yale maombi mpaka siku Samweli alipopelekwa kwa Eli. Katikati pana jambo dogo. Wakati wa sikukuu ulipofika, Elkana na jamaa yake walipanda kwenda Shilo kutoa dhabihu, naye Hana hakwenda. Alimwambia mumewe kwamba atakaa nyumbani hata mtoto aachishwe ziwa. Wala Elkana hakumkemea. Alimwachia afanye aonavyo vema.

Angalieni jambo hili. Mwanamke aliyelia mbele za Bwana ndiye aliyekosa sikukuu. Na Maandiko hayamlaumu hata kidogo. Shukrani yake kwa wakati ule ilikuwa kunyonyesha, kulala, kuamka, na kunyonyesha tena. Aliyeomba mtoto ana ruhusa ya kuchoka, na ana ruhusa ya kusaidiwa.

Basi tuzitazame hofu za wazazi hawa, moja baada ya nyingine.

Hofu ya kwanza: Je, mtoto huyu ni kama watoto wengine? Hatukuja leo kujadili matibabu yenyewe, maana makanisa hayana kauli moja juu yake. Tunazungumza juu ya mtoto aliyekwisha kuzaliwa. Mtoto wa kwanza ulimwenguni ambaye mimba yake ilitungwa nje ya tumbo la mama ni Louise Brown, aliyezaliwa Uingereza tarehe 25 Julai 1978. Watu wengi walikuwa na wasiwasi juu yake. Alikua kama wengine, akaolewa, na mwaka 2006 akazaa mtoto wake mwenyewe pasipo matibabu hayo. Mwaka huo huo wa 2006 watoto wa kwanza wa namna hiyo walizaliwa hapa Kenya. Leo wamepita milioni 10 duniani. Wanahitaji ziwa, joto, chanjo na kubebwa, kama mtoto yeyote wa Marama au Khwisero. Liko jambo moja la kuangalia: matibabu haya huleta mapacha mara nyingi zaidi, nao mapacha huzaliwa mapema na wakiwa wadogo. Mtoto mdogo hupoteza joto upesi. Dawa yake njema ni kifua cha mama au cha baba, ngozi kwa ngozi, akiwa amefunikwa kwa nguo, na kumpeleka kliniki apimwe uzito kwa siku alizoagizwa.

Hofu ya pili: Maziwa yangu yanatosha? Matibabu yale hayaharibu maziwa. Maziwa ya kwanza ya rangi ya manjano yasimwagwe, kwa kuwa yanamkinga mtoto na magonjwa. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa mchana na usiku. Katika siku za kwanza uzito wake hupungua kidogo, kisha kwa kawaida huurudisha kabla ya wiki 2 kwisha. Baada ya siku ya tano, akilowesha nepi 6 au zaidi kwa siku, na uzito ukipanda, jueni kwamba anapata. Hahitaji maji, wala uji, wala maziwa ya ng'ombe, mpaka atimize miezi 6. Kukhu anayeleta uji mapema analeta upendo. Mwambieni kwa heshima kwamba uji huo na unywewe na mama.

Hofu ya tatu ni ile ya usiku: Je, anapumua? Mtoto mchanga hupumua kwa haraka, kisha husimama kama sekunde 5 hadi 10, halafu huendelea. Hivyo ndivyo walivyo watoto wachanga. Kama kusimama huko kunazidi hapo, au rangi yake inabadilika kuwa ya bluu, hilo ni jambo la hospitali mara moja. Mlazeni chali, mahali pagumu kidogo pasipo mto, uso usifunikwe, ndani ya chandarua, kwa maana huku kwetu mbu hawana likizo. Baridi ya asubuhi isiwafanye kuweka jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa yake huua kimya kimya, mtoto na wazazi pamoja. Mkiisha kufanya hayo, mama na alale. Mkono wake juu ya kifua cha mtoto haumwongezei pumzi hata moja.

Hofu ya nne ni kilio. Kilio huongezeka tangu wiki ya pili, hufika kilele karibu na wiki ya sita, kisha hupungua. Wazee wetu walisema mtoto anayelia sana anadai jina la babu aliyefariki, nao wakataja majina mpaka anyamaze. Sisi twasema: kwanza tazameni kama ana njaa, kama amelowa, kama ana joto au baridi. Kama hana lolote na bado analia, mbebeni, tembeeni naye, mwimbieni. Mkiona hasira inapanda, mlazeni mahali salama, mtoke nje kidogo mkavute hewa. Mtoto asitikiswe kamwe. Ubongo wake ni mwororo.

Tena zipo dalili ambazo si za kungoja hata kesho, wala ibada ya Jumapili: mtoto akikataa kunyonya, akipata degedege, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, au kifua kikiingia ndani, mwili ukiwa na joto la digrii 37.5 au zaidi, au ukiwa baridi mno; viganja na nyayo zikiwa za manjano; au akilegea asijitikise. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo. Ombeni mkiwa njiani. Wala msimfiche nesi habari za matibabu mliyopata. Jirani si lazima ajue, lakini nesi ni vema ajue.

Sasa neno kwa mama mwenyewe. Machozi ya siku za kwanza huwapata akina mama wengi, nayo hupita. Lakini yakizidi wiki 2, ukiwa huli, hulali hata mtoto akilala, au mawazo mabaya juu yako au juu ya mtoto yanakujia, usiseme ni upungufu wa imani. Huo ni ugonjwa, nao unatibika. Mwambie mumeo, mwende kliniki. Mungu aliyekupa mtoto kwa mkono wa daktari hachukizwi ukirudi kwa daktari.

Nanyi akina baba, mwigeni Elkana. Si kumwachia mama mzigo, bali kumpa nafasi. Mchukue mtoto usiku baada ya kunyonya, umcheulishe, mama apate saa 2 za usingizi. Nasi wa kanisa, tusiwaharakishe wazazi hawa kuleta shukrani na kufanya karamu. Shilo itangoja. Tuwaendee sisi, tuchote maji, tufue nepi, tupike mboga, kisha turudi kwetu mapema. Na lile neno la mzaha tulitupe.

Sura ya pili yatuambia kwamba Hana alimshonea Samweli kanzu ndogo mwaka baada ya mwaka. Kila mwaka ilimbidi akisie kimo cha mtoto aliyekuwa mbali naye. Hata mwenye imani kubwa hakujua yote; alishona, akapeleka. Nasi hatutaweza kujua kila pumzi ya watoto wetu. Tufanye lililo mbele yetu leo.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyemkumbuka Hana, uzikumbuke nyumba ambazo taa inawaka usiku kwa ajili ya mtoto. Uwape wazazi usingizi, uwape majirani wenye mikono myepesi. Na wale ambao bado wanangoja, ambao wamesikia mazungumzo haya kwa uchungu, usiwapite. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.