Kasi Humnyima Dereva Muda wa Kuona

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa hupita Morogoro, chini ya Milima ya Uluguru, kisha hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilometa 50. Sehemu kubwa ya njia hiyo ni tambarare, nayo humshawishi dereva kuongeza mwendo. Wapo madereva wa safari ndefu wanaoamini kwamba kasi huwaweka macho, na kwamba kwenda polepole huleta usingizi. Imani hiyo yafaa ipimwe, kwa kuwa inagusa uhai wa watu.

Mtoto anapoingia barabarani, ubongo wa dereva huhitaji muda wa kumtambua, kuamua na kuuamuru mguu ukanyage breki. Kwa dereva aliye makini, muda huo ni sekunde moja au zaidi kidogo, wala haufupiki kwa sababu gari linakimbia. Katika sekunde hiyo moja, gari liendalo kilometa 50 kwa saa husonga mita 14. Liendalo kilometa 100 husonga mita 28. Breki zikishika kwenye lami kavu, gari dogo la kwanza huhitaji takriban mita 14 nyingine kusimama. La pili, takriban mita 55. Kasi imeongezeka mara mbili, umbali wa breki mara nne. Lami ikilowa mvua, umbali huo huongezeka zaidi.

Kasi hubana pia uangalifu. Dereva anayekimbia hukaza macho mbele, na ya pembeni humpita bila kutambuliwa. Pembeni ndiko waliko watu: mama aliyejitwika mkungu wa ndizi, mwanafunzi, bodaboda inayochomoza kutoka njia ya vumbi. Huko Mikumi ndiko waliko swala na tembo. Zaidi ya hayo, mwili huzoea kasi. Aliyekimbia kwa saa nzima, akipunguza mwendo aingiapo mjini, hujihisi anatambaa, kumbe bado amepita kilometa 50, kikomo kilichowekwa kisheria kwa maeneo ya makazi. Hisia zimemdanganya, mshale wa spidi ndio wa kuaminiwa.

Ni kweli kwamba njia iliyonyooka, isiyo na mabadiliko, huchosha akili. Hata hivyo, usingizi hutokana na kukosa kulala na kuendesha kwa saa nyingi mfululizo, na kasi haiuondoi. Dereva akisinzia sekunde nne kwa kilometa 100 kwa saa, gari limekwenda zaidi ya mita 100 bila mwenyewe. Dawa ni kuegesha mahali salama na kulala kidogo.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa kila ongezeko la asilimia 1 la kasi ya wastani huongeza hatari ya ajali ya kifo kwa asilimia 4. Pamoja na hayo, madereva wengi hupunguza mwendo palipo na askari mwenye tochi tu, tena baada ya kuonyana kwa kuwashiana taa. Tochi ikipita, kasi hurudi.

Faida yake ni ipi? Kilometa 50 za Mikumi huchukua dakika 30 kwa kasi ya kilometa 100 kwa saa, na dakika 43 kwa kilometa 70. Kinachookolewa ni dakika 13.