Je, Wajua? Supermoto ya Barabarani na Vipuri Vinavyostahili Pesa Yako

Je, wajua kuwa supermoto ilizaliwa kwenye televisheni? Mwaka 1979, kipindi cha Wide World of Sports cha kituo cha ABC nchini Marekani kilitaka kumaliza ubishi wa siku nyingi: nani dereva hodari zaidi wa pikipiki, wa motokrosi, wa mbio za udongo au wa lami? Aliyebuni shindano la kuwapambanisha alikuwa Gavin Trippe. Wote walikutanishwa Carlsbad, California, kwenye njia iliyokuwa nusu lami, nusu udongo, na shindano likaitwa Superbikers. Hata vigogo wa lami kama Kenny Roberts na Eddie Lawson walishuka uwanjani. Kipindi hicho kilipoachana na shindano katikati ya miaka ya 1980, Wafaransa na majirani zao wa Ulaya waliuchukua mchezo huo wakaulea hadi ukapata ubingwa wake wa dunia.

Mashine yenyewe ni pikipiki ya udongo iliyovuliwa rimu za inchi 21 mbele na 18 nyuma, ikavalishwa za inchi 17 pande zote mbili, matairi ya lami na diski kubwa ya breki mbele. Ni nyepesi, ndefu kwa kimo, na katika mitaa yenye kona nyingi huziaibisha pikipiki zenye nguvu maradufu. Kwa sababu hiyo inaumiza kuona mtu anaimaliza kwa kuifungia vipuri visivyoisaidia.

Nitatumia mfano mmoja: Suzuki DR-Z400SM, iliyoanza kuuzwa mwaka 2005. Ina silinda moja ya cc 398, gia tano, tangi la lita 10, siti iliyo milimita 890 kutoka chini, na nguvu za farasi zinazokaribia 40. Ni pikipiki chache zilizofunguliwa na kufungwa upya na wenyewe kama hii. Wengi huanza na ekzosi. Mimi naiweka karibu na mwisho wa foleni, na yanayofuata ndiyo sababu zangu.

Je, wajua kuwa tairi la mbele la pikipiki hii ni saizi ile ile ya pikipiki za kasi za lami? Ni 120/70 ya inchi 17, saizi ambayo kila kampuni kubwa ya matairi huitengenezea mpira wake bora kabisa. Mwenye pikipiki ya udongo ya inchi 21 hana uchaguzi huo hata akiwa na pesa. Seti ya matairi mazuri hubadilisha kona, breki na mvua kwa pamoja, na hakuna kipuri kingine kinachogusa yote matatu kwa siku moja. Kama matairi yako yamekauka, usisome zaidi ya hapa kabla hujayabadilisha.

Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa herufi zinazoanza na DOT, kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 2319 maana yake tairi lilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2019. Utaratibu huo ulianza mwaka 2000, na ni msaada mkubwa kwa anayenunua Kariakoo au Kirinyaga Road, mahali ambapo tairi linaweza kukaa kwenye rafu likisubiri mteja kwa muda mrefu. Mpira huzeeka hata bila kutembea. Tairi linalong'aa kwa upya linaweza kuwa limeshakuwa gumu.

Jambo jingine kuhusu matairi: usinunue pana kuliko rimu inavyotaka. Tairi pana likibanwa kwenye rimu nyembamba hupoteza umbo lake, na pikipiki iliyokuwa ikiingia kona kwa wepesi huanza kukataa. Inapendeza ikiwa imesimama, basi.

Je, wajua kuwa mafuta ya breki hunywa maji? DOT 4 hufyonza unyevu wa hewani. Yakiwa mapya, kiwango kinataka yasichemke kabla ya nyuzi joto 230. Yakishafyonza maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho hushuka hadi 155. Yakichemka hutoa povu la mvuke ndani ya bomba, na lever huzama mkononi mwako bila kufanya kazi, mara nyingi wakati wa kuteremka mlima, pale unapoihitaji zaidi. Mvua na joto la pwani yetu haviyahurumii mafuta hayo. Kuyabadilisha kila baada ya miaka miwili ni gharama ndogo kuliko stika za kupamba tangi.

Angalia chupa vizuri: DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi na DOT 4, ilhali DOT 5.1 ni ya jamii ile ile ya DOT 4 na inaruhusiwa. Tofauti ya nukta moja na tarakimu moja inaweza kuharibu mfumo mzima.

Baada ya mafuta, fuata pedi bora, kisha bomba la breki lililosukwa kwa nyuzi za chuma. Bomba la mpira likizeeka hutanuka kidogo kila unapobana lever, na nguvu ya vidole vyako inapotelea huko badala ya kufika kwenye diski. La chuma halitanuki. Pampu kubwa na kalipa za mashindano ni nzuri, lakini kwa pikipiki inayokaribia kilo 150 ikiwa na mafuta, vitu hivyo vitatu hutosha mtaani. Na kumbuka nishati ya mwendo hukua kwa mraba: kutoka kilomita 60 kwa saa hadi 80, breki zako zina kazi mara 1.8, ingawa mshale umepanda theluthi moja tu.

Je, wajua kuwa kiwanda hakijui uzito wako? Springi za mbele na nyuma huchaguliwa kwa ajili ya dereva wa kukadiria. Ukiwa na kilo 60 au kilo 105, si wewe. Kipimo ni rahisi: mtu mmoja anainua pikipiki mpaka gurudumu la nyuma lining'inie, unapima kutoka ekseli hadi alama fulani kwenye mkia. Kisha unapanda na jaketi na buti zako, unapima tena. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo mzamo wako. Kwenye pikipiki yenye shokapu ndefu kama hii, ambazo husafiri zaidi ya milimita 250, mzamo wa karibu theluthi moja ya safari hiyo huwa ni mahali pazuri pa kuanzia. Ikiwa umekaza nati ya springi hadi mwisho na bado unazama mno, springi ni laini kwako, na hapo ndipo pesa ya springi mpya inapostahili.

Huu ndio ushauri ninaoutetea kuliko wote, kwa sababu hakuna anayeuona kipuri hicho na hakipigi kelele. Lakini springi isiyokufaa huharibu kazi ya matairi uliyoyanunua kwa gharama. Mkia ukizama, uma wa mbele hulala, na usukani unakuwa mzito kwenye kona kali za mjini.

Wapo wanaoishusha pikipiki kwa kubadilisha kiungo cha shokapu ili miguu ifike chini. Kama kimo kinakutisha, anza na siti iliyopunguzwa sponji. Kiungo cha kushushia kinabadilisha tabia ya pikipiki nzima, na ukikifunga bila kushusha uma wa mbele kwa kiasi kinacholingana, utakuwa umejitengenezea tatizo lile lile la mkia uliozama.

Je, wajua kuwa mojawapo ya maboresho maarufu zaidi ya DR-Z400 ni tone la gundi? Wenye pikipiki hizi wanafahamu kuwa nati ya gia iliyo kwenye ncha ya krenki, upande wa klachi, pamoja na bolti zilizo nyuma ya magneti, zinaweza kulegea kwa mtikisiko wa silinda moja. Zikilegea ndani ya injini, bili inakuwa ya injini nzima. Dawa ni kufungua vifuniko vya pembeni, kusafisha nyuzi, kupaka gundi ya kufungia bolti na kukaza kwa spana ya kipimo. Kikaza cha cheni ya taimingi nacho kina sifa ya kushindwa kazi, na wengi hukibadilisha na cha kukaza kwa mkono. Hapo mtafute fundi mwenye sikio: kikikazwa kupita kiasi kinakula cheni, kikilegezwa kinaacha kelele.

Je, wajua kuwa jino moja la mbele ni sawa na karibu matatu ya nyuma? DR-Z400SM hutoka na spoketi ya meno 15 mbele na 41 nyuma. Ukiweka 14 mbele, uwiano unapanda kutoka 2.73 hadi 2.93, yaani asilimia 7 zaidi ya mvuto katika kila gia. Hakuna ekzosi itakayokupa hilo kwa bei ya spoketi moja. Mafundi wa bodaboda wanaijua hesabu hii siku nyingi, wao kwa ajili ya mizigo na milima. Gharama yake ni kuwa injini itazunguka asilimia 7 zaidi kwa mwendo ule ule, na kwenye barabara kuu utaisikia mikononi. Anayezunguka mjini abadilishe. Anayekwenda mikoani aiache ilivyo.

Je, wajua kuwa ekzosi peke yake inaweza kuipunguzia injini afya? Petroli huungua kikamilifu kwa gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu 1. Pikipiki za kabureta za miaka ile zilitoka kiwandani zikiwa zimenyimwa petroli kidogo ili kukidhi sheria za moshi. Ukifungua njia ya kutokea bila kugusa kabureta, unaongeza hewa kwenye mchanganyiko uliokwisha kuwa mkavu: injini inapata joto, na ekzosi inapasuka-pasuka ukiachia mafuta. Kazi kamili ina mambo matatu yanayokwenda pamoja: kukata tundu la inchi 3 kwa 3 juu ya boksi la filta ya hewa, ekzosi iliyo wazi zaidi, na jeti na sindano mpya kwenye kabureta. Ukifanya yote matatu, injini inapumua na mkono wa mafuta unaitika vizuri. Ukifanya moja, umenunua kelele ambayo majirani na trafiki wataisikia kabla yako.

Anayetaka zaidi huweka kabureta ya Keihin FCR39, ile iliyokuwa kwenye DR-Z400E ya udongo, au hupanua silinda kutoka milimita 90 hadi 94 na kufikia cc 434. Ni kazi tamu. Lakini FCR39 mpya inazidi bei ya seti nzima ya matairi, na kwa matumizi ya mtaani nguvu hiyo hupati nafasi ya kuitumia.

Vizuizi vya nailoni kwenye ekseli na walinzi wa mikono vinunue mapema. Pikipiki hii itaanguka siku moja, na vitu hivyo huokoa uma na lever. Klachi ya kuteleza ya mashindano iache kwa mashindano.

Je, wajua Suzuki wenyewe walichagua nini? Novemba 2024, kwenye maonyesho ya EICMA mjini Milan, walizindua mrithi wake, DR-Z4SM. Injini imebaki cc 398, gia zimebaki tano, na nguvu za farasi ni 38. Kilichobadilika ni shokapu mpya za KYB, breki za ABS, udhibiti wa utelezi wa gurudumu la nyuma, na sindano ya petroli badala ya kabureta. Wahandisi walikuwa na uwezo wa kuongeza nguvu, wakaweka bidii kwenye kushika barabara na kusimama. Kama mwezi huu una pesa ya kitu kimoja tu, kasome tarakimu nne za ubavuni mwa tairi lako la mbele kabla hujampigia simu muuza ekzosi.