Tulilaumu Kila Kitu Jikoni

Jumamosi moja mwezi wa tano tulikula mchana chapati na maharage ya nazi, chakula ambacho mume wangu amekila tangu akiwa mtoto kule Tanga. Alikula chapati tatu, akanawa, akamchukua kijana wetu wakaenda kucheza mpira kwenye bustani iliyo nyuma ya jengo letu hapa Leicester. Haikupita nusu saa wakarudi. Viganja vinamwasha, alisema. Nilipomtazama, masikio yamevimba na shingo imejaa mabaka kama mtu aliyevamiwa na siafu.

Mkono wangu ulikwenda moja kwa moja kwenye Piriton. Huku nikampigia mama Tanga, kama tufanyavyo wengi wetu likitufika jambo. "Mpe maziwa, mwanangu, huyo kala sumu," akasema. Nilikuwa bado namimina maziwa pale sauti ya mume wangu ilipobadilika, ikawa nyembamba, kama mtu aliyekabwa. Akasema anataka kwenda chooni. Akasimama, akapiga hatua mbili, akaanguka.

Dakika zile za Piriton na maziwa nazijutia mpaka leo.

Nilipiga 999. Mama aliyepokea simu hakuniuliza mgonjwa kala nini. Aliuliza kama anapumua, kisha akaniambia nimlaze chali, nimnyanyue miguu niiweke juu ya kiti, wala nisimruhusu kusimama hata akijisikia nafuu. Binti yetu wa miaka 11 alishuka ngazi mbio kwenda kufungua mlango wa chini. Watu wa ambulensi walimchoma adrenalini kwenye paja, na baada ya dakika 5 wakamchoma tena. Nilimwona akirudi, rangi kwanza, kisha macho, kisha akaniuliza kijana yuko wapi.

Hospitali walimlaza usiku ule, maana mzio wa namna hii unaweza kurudi saa kadhaa baada ya kutulia. Ndipo nilipoelezwa kwamba Piriton hupunguza muwasho tu. Haifungui koo wala haipandishi presha iliyoshuka. Na mtu ambaye presha yake imeshuka hivyo akisimama ghafla, moyo unaweza kusimama. Kitu hiki Waingereza wanakiita anaphylaxis. Wewe unayeishi huku lijifunze neno hilo hata kama Kiingereza chako ni cha kubabaisha, kwa sababu ukilitamka kwenye simu wanajua mara moja wamtume nani.

Tulirudi nyumbani na sindano mbili za adrenalini, zile za kubonyeza kama kalamu, na swali lisilo na jibu. Daktari aliuliza alikula kitu gani kipya. Hakuna. Basi nikalaumu kila kitu jikoni. Nilitupa karanga, korosho, ufuta, na tui la kopo. Ndugu wakaanza kupiga simu: mmoja anasema ni jicho, mwingine anasema ni dawa wanazopulizia mboga za Ulaya. Wiki tatu baadaye mume wangu, mbishi kama walivyo watani zangu wote, alikula chapati zilezile na maharage yaleyale mbele yangu. Hakikutokea kitu. Nilichanganyikiwa zaidi kuliko siku aliyoanguka, maana sasa sikuwa na adui wa kumkimbia.

Rufaa ya kliniki ya mzio ilichukua miezi. Nilinunua daftari nikawa naandika kila anachokula, na kwa kuwa sikujua lipi lina maana, nikaandika na mengine: alilala saa ngapi, alikwenda wapi, alimeza dawa gani. Siku ya miadi daktari alisoma ukurasa wa ile Jumamosi, ambao niliujaza kwa kumbukumbu, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyetuuliza: "Baada ya kula alifanya nini?"

Alicheza mpira. Na asubuhi ile alikuwa amemeza ibuprofen kwa ajili ya goti.

Damu ilipopimwa, ilionekana ana mzio wa omega-5 gliadin, protini iliyomo ndani ya ngano. Wenye mzio huu wengi hula ngano bila shida wakiwa wametulia. Hatari inakuja wanapotumia nguvu baada ya kula, au ngano inapokutana mwilini na dawa kama ibuprofen au aspirini, au pombe. Na unaweza kumwanza mtu mzima aliyekula mkate maisha yake yote.

Wengine huambiwa waache ngano kabisa. Yeye daktari wake alimruhusu, ila asiiguse saa 4 au zaidi kabla ya mazoezi, wala asitoke kukimbia akishaila. Mwenyewe amechagua ugali, mihogo na wali siku za kazi, kwa sababu kazi yake ni ya kubeba mizigo. Vitumbua anakula ninavyopika mimi. Vya shughulini lazima niulize, maana wapo wanaochanganya unga wa ngano kwenye mchele, na nimeshazoea kuonekana mkwe mwenye maringo.

Sindano zake mbili hukaa pamoja naye, si kwenye friji, si ndani ya gari. Watoto wote wawili wanajua kuzitumia: paja upande wa nje, hata juu ya nguo, kisha simu. Kama ni mwanafunzi unayeishi chumba cha kupanga, mwenzako wa jirani ajue ziko wapi, kwa sababu huenda wewe usiweze kusema. Tulipokwenda Tanga tulizibeba kwenye mkoba wa mkononi pamoja na barua ya daktari. Nilizunguka maduka ya dawa kuulizia akiba, sikupata.

Mama naye amebadilika. Tukiwa kwake alikuwa amekaa mlangoni na kanga yake, na kila mume wangu alipoinuka baada ya futari alimwita, "Mkwe, umekula chapati? Basi rudi ukae."