Giadia Hangojei Kuzeeka

Mama mmoja alituletea mtoto wa miaka mitatu aliyeharisha wiki tatu mfululizo. Choo kilikuwa na mafuta na harufu mbaya, tumbo limejaa gesi, na uzito unashuka. Kwenye darubini tukaona giadia, kimelea wa seli moja aishiye katika utumbo mwembamba. Mama akauliza, "Sista, hivi vidudu havizeeki vikafa vyenyewe?" Tulitabasamu, lakini swali lilikuwa la maana.

Fikirini kanga mpya. Isipopindwa, hufumuka ukingoni kila ifuliwapo. Nyuzi za urithi ndani ya seli, yaani kromosomu, nazo zina pindo liitwalo telomea, na pindo hilo hupungua seli inapogawanyika. Seli zetu nyingi zikiishiwa pindo huacha kugawanyika. Giadia ana fundi cherehani wa kulirudishia, protini iitwayo telomerasi. Carol Greider na Elizabeth Blackburn waliigundua mwaka 1984 katika kiumbe cha madimbwini, na mwaka 2009 wakapewa Tuzo ya Nobeli pamoja na Jack Szostak. Pindo letu ni herufi sita zinazorudiwarudiwa, TTAGGG; la giadia ni tano, TAGGG.

Fundi huyu hushona kwa kuamriwa. Kwetu sisi, kundi la protini sita hulinda pindo: moja humvuta karibu, nyingine humzuia pindo likirefuka. Katika saratani nyingi fundi huyo anaamshwa, seli zikagawanyika bila kikomo. Fundi wa giadia amekosa kipande ambacho kwa viumbe wengine humsaidia kushika kielelezo anachonakili. Kwa sababu hiyo wataalamu wana hamu ya kujua anashirikiana na protini zipi. Tofauti kama hiyo huenda ikafungua njia ya dawa. Kwa sasa dawa ya namna hiyo haijafika wodini.

Tulimjibu mama kwamba kinga ya mwili huweza kumfukuza giadia, lakini uzee wake tusiungojee, hasa mtoto anapokonda. Alipewa metronidazo, akaambiwa amalize dozi hata kuhara kukikoma. Mtu mzima anayeitumia asinywe pombe.

Mayai ya giadia, ambayo kwa kweli ni vifuko vyenye ganda gumu, yakifika kumi tu yanatosha kuambukiza, na klorini peke yake haiyaui kwa uhakika. Maji yachemke kwa nguvu dakika moja, kule milimani dakika tatu, kisha yafunikwe. Na kata ya kuchotea isilale sakafuni.