Hewa ya Matopeni na Miali Isiyoonekana

Mto Rufiji ukikaribia bahari hugawanyika kuwa matawi mengi, na kati ya matawi hayo pana msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko misitu yote ya mikoko ya pwani ya Tanzania. Maji yakikupwa, mtu akiyakanyaga matope ya huko katika wilaya ya Kibiti, mapovu hutoka. Ndani ya mapovu hayo imo hewa iitwayo methani. Mwaka 1776 Mwitalia Alessandro Volta alikusanya mapovu ya namna hiyo katika ziwa Maggiore, akaona hewa yake yashika moto. Huzalishwa na vijidudu viozeshavyo majani mahali pasipo oksijeni. Nayo hutoka kwa wingi zaidi katika majaruba ya mpunga yenye maji matamu kuliko penye maji ya chumvi.

Methani ikipanda angani hudumu miaka kama kumi, kisha hutoweka. Yaondolewa na nini? Si upepo, maana upepo huihamisha tu. Jua ndilo liiondoalo, lakini kwa njia ya kuzunguka. Katika nuru yake mna miali isiyoonekana kwa macho, iliyo ng'ambo ya rangi ya urujuani, nayo yaitwa urujuanimno. Johann Ritter aliigundua mwaka 1801. Miali hiyo huipasua ozoni iliyo hewani, na chembe ya oksijeni itokayo humo ikikutana na mvuke wa maji huzaa haidroksili. Haidroksili ni radikali, yaani ina elektroni moja isiyo na mwenzake, wala haitulii. Hudumu kama sekunde moja tu, lakini katika sekunde hiyo huweza kuinyang'anya methani haidrojeni. Methani iliyonyang'anywa hugeuka nayo kuwa radikali, ikashikamana mara na oksijeni, ikaitwa peroksi. Kazi hii hufanyika zaidi katika nchi za joto, penye jua kali na mvuke mwingi, kama Rufiji.

Peroksi hiyo humeza urujuanimno, hasa miali ya nanomita 240 hivi. Nanomita ni sehemu moja katika milioni ya milimita. Je, yawakinga watu na jua? Hata kidogo. Ni chache mno, na tena miali ya kipimo hicho humezwa yote na oksijeni na ozoni za juu sana kabla haijafika Kibiti. Faida yake yaonekana katika maabara. Ronald Norrish na George Porter wa Cambridge walibuni njia mwaka 1949: mmweko mmoja wa taa huvunja hewa iliyomo chupani, na mmweko wa pili huonyesha ni miali gani iliyomezwa. Kivuli hicho kikififia, wataalamu hupima kasi ya radikali. Kwa kazi hiyo walipewa Nishani ya Nobel mwaka 1967.

Kasi hizo ndizo zitumiwazo kuhesabu umri wa methani. Hesabu hiyo si mchezo, kwa kuwa methani huongeza joto la dunia. Joto huinua bahari, na maji ya chumvi huingia mashambani mwa wakulima wa mpunga wa delta. Tena moshi wa mabua na wa misitu iliyochomwa una monoksidi ya kaboni, nayo huigombea haidroksili ile ile, hata methani ikakawia angani.