Paka wa Nyumba na Ugonjwa wa Sukari

Katika Ajia, na kote Arua na Koboko, paka hafugwi kwa urembo. Kazi yake ni kulinda ghala la mtama na mihogo mikavu. Tena panya wa West Nile si mwizi wa nafaka tu, kwani viroboto wake wamewahi kuwaletea watu tauni. Ujira wa mlinzi huyo aghalabu ni makombo: bonge la enyasa lililochovywa katika mchuzi wa karanga, au, katika nyumba za askari, posho na maharage. Akizeeka akaacha kuwinda, akalala jikoni kutwa na kunenepa, watu husema amestarehe. Kumbe hapo ndipo ugonjwa wa sukari humnyemelea.

Mama wa nyumba ndiye azionaye dalili kwanza. Bakuli la maji lililotosha siku nzima sasa hujazwa mara tatu. Paka hukojoa mno, hula kwa pupa, na huku anakonda. Ugonjwa ukizidi, miguu ya nyuma hulegea, naye hutembea kwa visigino badala ya vidole. Lakini kiu huletwa pia na maradhi ya figo, na sukari ya paka mwenye hofu hupanda kwa muda. Kwa hiyo kipimo kimoja cha damu hakitoshi kukata shauri.

Paka ameumbwa kula nyama. Mate yake hayana kimeng'enya cha kuanza kusaga wanga, na ini lake hutengeneza sukari kutokana na protini usiku na mchana. Wataalamu waliochunguza chakula cha paka wanaojiwindia waliona kwamba wanga haukupita asilimia 2 hivi ya nguvu wanayoipata. Unga wa muhogo, kinyume chake, karibu wote ni wanga. Shibe hiyo ikiandamana na uvivu huleta unene, nao unene huifanya insulini ya mwili ishindwe kazi yake.

Dawa ya jikoni, basi, ni kupunguza enyasa na posho na kuongeza nyama. Wako watakaouliza kama ni haki paka ale samaki ilhali watoto wanamtaka. Swali hilo ni la haki kabisa, na jibu lake liko kwa mchinjaji: mapafu, wengu na vipande vya moyo ambavyo wengi hawavigombanii. Moyo hasa una taurini, ambayo paka akiikosa huweza kupofuka na kuugua moyo. Achemshwe nyama hiyo bila chumvi wala vitunguu, maana vitunguu huharibu damu yake, na apewe pamoja na supu, kwa kuwa taurini huyeyukia majini. Mukene wakavu wafaa pia, wakiloweshwa na kuoshwa mchanga na chumvi. Ini liwe kidogo tu.

Mabadiliko hayo yafanywe polepole, kwa muda wa siku 10 hivi, na milo iwe kwa saa maalumu. Kumshindisha paka mnene na njaa ni kosa kubwa: akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta huvamia ini na huweza kumwua. Mwenye kilo 6 asipungue zaidi ya gramu 100 hivi kwa juma. Mzani wa mwenye duka watosha kumpima, akikubali.

Chakula peke yake mara nyingi hakimponyi paka aliyekwisha kuugua. Wengi huhitaji sindano za insulini, ingawa baadhi ya waliowahiwa mapema huweza kuziacha baadaye. Na aliye katika sindano asibadilishiwe chakula bila daktari wa mifugo kujua, kwani wanga ukipungua, kipimo cha jana huwa kikubwa mno leo. Akitetemeka, akiyumba au kushikwa na degedege, apakwe asali au maji ya sukari kwenye ufizi na apelekwe upesi.

Kabla ya safari ya kwanza kwa daktari, maji yapimwe kwa kikombe asubuhi, na yaliyobaki yapimwe asubuhi ya pili. Paka wa kilo 4 anayekunywa zaidi ya mililita 200 kwa siku ana jambo. Hesabu hiyo iandikwe, na paka atiwe katika kikapu chenye kifuniko.